Kibao cha Jemadari

Tulimzika Mzee Kasiano Malangali, siku ya upepo mkali kiasi kwamba padri alishika kitabu chake kwa mikono miwili. Mimi nilikaa nyuma na akina mama wa jikoni, maana huko ndiko nilikozoea, na wasifu wa marehemu ulipoanza kusomwa nilikuwa na ungo wa mchele mapajani. Mwanawe mkubwa alisoma vizuri, sauti ilitufikia hadi kwenye mafiga. Akataja kazi ya baba yake kwenye shirika, akataja kupunguzwa kazi, akataja nyumba ya wageni na gari, kisha akasema kwamba marehemu ndiye aliyegundua mnara wa Jemadari katika nchi ya Ufipa na kuutangaza kwa wageni wa mataifa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja akanigusa goti. "Si wewe ulikuwa naye enzi hizo? Simama useme neno." Nikamjibu, "Nina mchele hapa." Sikuogopa. Niliona tu kwamba matanga si mahali pa kumsahihisha mtu ambaye hawezi tena kukujibu. Nilimlilia Mzee Kasiano kwa machozi ya kweli, na hata sasa nikipita mbele ya ile nyumba yake napunguza mwendo. Lakini neno ambalo sikulisema pale nalisema hapa. Hapakuwa na mnara. Najua kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu kwa miezi kadhaa ya mwaka ule uongo ulitoka kinywani mwangu mimi, si kinywani mwake.

Ya kwetu nyumbani nayaacha, hayana la ajabu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nina miaka ishirini kasoro, na nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya Mzee Kasiano. Ilikuwa na vyumba sita vilivyopangana kama mabehewa, ua katikati, na jiko la kuezekwa kwa bati nyuma, bati lililokuwa likilia upepo wa Juni ukipiga. Kila kitanda kilikuwa na blanketi mbili za mitumba, kwa sababu mgeni asiyejua baridi ya Sumbawanga huamka asubuhi akidhani ameugua. Nilipika ugali wa ulezi na maharage, na gari la samaki likipanda kutoka ziwani nilipika migebuka, ile ya kukaushwa kwa moshi, kwa nyanya na karanga. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara. Sukari ilikuwa imerudi madukani, sabuni za rangi tatu zilipangwa barazani, na kila mtu mjini alikuwa akitafuta cha kuuza. Mmoja aliuza mitumba, mwingine mafuta ya taa kwa chupa, mwingine alikata tiketi za basi ambalo lilikuwa bado halijafika mkoani. Mzee Kasiano, aliyekuwa ametolewa kwenye shirika akiwa na Land Rover kuukuu na suti moja, alimpata Jemadari.

Jemadari huyo alikuwa Mjerumani wa vita vya kwanza vya dunia, yule aliyezunguka nchi nzima na askari wake akipigana na Waingereza hadi alipoambiwa kwamba huko Ulaya vita vimekwisha. Alisalimu amri ng'ambo ya mpaka, upande ambao leo ni Zambia, kisha yeye na watu wake wakateremshwa Kasanga kupanda meli ya Ziwa Tanganyika. Hayo ni kweli, na Mzee Kasiano aliyasoma katika kijitabu alichosahau mgeni chini ya mto. Akaja nacho jikoni akikipigapiga kiganjani. "Skola, wazungu wanamfuata huyu mtu kila mahali alipolala. Kila mahali alipojikwaa! Na alipandia meli hapa kwetu, sisi tumekaa tu tunauza mahindi." Baada ya mwezi alikuwa na ubao barabarani, na wageni wakaanza kuja, wawili watatu. Tuliwapeleka Kasanga kuona boma la Mjerumani, mawe yaliyobaki juu ya maji, ndege wakitaga humo ndani, na chini yake wanawake wakianika dagaa. Nilikuwa nakwenda nao ili kupika. Wageni walipiga picha, wakashika mawe, wakauliza, "Na huko njiani kuna nini?" Njiani hapakuwa na kitu. Jemadari hakuwahi kutembea katika njia ile yetu ya uwandani, au kama alitembea hakuna aliyemwona.

Lakini upande wa Mollo, kwenye kilima kimoja kilichokuwa karibu na barabara, kulikuwa na ilungu. Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma la wazee wa Kifipa. Lile lilikuwa la udongo mwekundu, refu kupita mtu na nusu, pana chini na jembamba juu, na pembeni chini kulikuwa na mashimo ya kupitishia hewa. Siku moja mgeni akanyoosha kidole dirishani akauliza kile ni nini. Mzee Kasiano hakusafisha hata koo. "Mnara wa Jemadari," akasema. "Alikuwa anapanda pale kuwatazama Waingereza. Yale mashimo ya chini ni ya bunduki." Mgeni akaruka kutoka garini kama mtoto. Tuliporudi mjini Mzee Kasiano alicheka mpaka akauinamia usukani. Nami nilicheka. Halafu akagundua kwamba maneno yakitoka kwa binti wa Kifipa wageni wanayashika zaidi, akanifundisha nikayakariri, na kuanzia hapo mimi ndiye niliyesimama mbele ya tanuru nikisema, "Babu zetu walimwona akipanda." Akaninunulia viatu vya kamba. Sitasema nilidanganywa. Nilijua ilungu ni nini kama ninavyojua kinu. Nilisema uongo kwa sababu nilipenda kusikilizwa na watu wazima wenye madaftari, na kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniuliza jambo lolote zaidi ya kama chakula kimeiva.

Chini ya kilima kile aliishi Bibi Agripina, mjane, mzee sana, mwembamba kama mpini. Wageni wakiwa juu na kamera zao, mimi nilikuwa nateremka kwake kuomba moto wa chai. Kwa safari kadhaa hakuuliza kitu. Siku moja nilipomwamkia akaitikia, kisha akanisogezea kigoda.

"Mjukuu wangu, wale wazungu mnawaambia nini pale kwenye ilungu?"

"Historia, bibi."

"Ya nani?"

"Ya Jemadari."

"Jemadari gani?"

Nikamweleza, nikiwa nazungusha kijiko kwenye birika ambalo halikuwa na sukari bado. Hakukasirika. Aliangalia viatu vyangu, akaniambia kwamba ilungu lile alilijenga baba mkwe wake, Mzee Sikazwe, yeye na ndugu zake, na kwamba majembe ya kijiji kizima yalitoka mle. Wakati wa vita vya Mjerumani walikuja askari wakamkuta shambani akifukia majani kwenye matuta. Wakamtwika sanduku la risasi. Jembe lilibaki limesimama kwenye tuta, mkewe akaenda kulichukua jioni. Hakurudi, hakuna aliyeleta habari zake, wala hakuna anayejua alizikwa kando ya njia gani. "Mume wangu alikuwa mtoto wakati huo," akasema. "Alipokua akalikarabati tanuru la baba yake, akayeyusha humo mpaka majembe ya dukani yalipotushinda. Hatuna kaburi la Sikazwe. Tuna lile." Akapuliza moto. "Sasa hilo nalo wewe umempa yule aliyemtwika."

Nilirudi garini na chai ikamwagika njia nzima. Ningependa kuandika kwamba niliacha siku ile ile. Sikuacha. Nilisema uongo ule mara mbili tena, mara ya pili nikiangalia chini, na Mzee Kasiano akanigombeza kwamba sauti yangu imekuwa ya mgonjwa.

Ndipo akaja Bwana Otto. Alikuwa mzee wa Kijerumani, mrefu, magoti yake yakilia kama mlango, na baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Jemadari. Kiswahili alijifunza kwa baba huyo, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha jeshini. Alinisalimu, "Jambo, bibi! Posho tayari?" na nilipomletea migebuka akasema, "Mpishi hodari. Mia kwa mia. Geuka nyuma, tembea!" kisha akacheka mwenyewe, maana alijua anasema kama sajini aliyekufa zamani. Nilimpenda. Alikula ugali wa ulezi kwa mkono na kukomba bakuli. Baada ya kula akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kibao cha shaba, ukubwa wa sinia dogo, kimechorwa jina la Jemadari na maneno ya kwao. Mzee Kasiano alikuwa amemwandikia barua kumweleza habari za mnara. "Hapa mnara," akasema Bwana Otto akikigusa kwa kidole. "Mimi nataka weka. Halafu nakufa, hapana shauri."

Jioni hiyo Mwenyekiti wa kijiji cha kule kilimani alikuja, wakakaa na Mzee Kasiano sebuleni kwenye soda, nami nilikuwa jikoni nikikata vitunguu, dirisha kwa dirisha.

"Kibao kikiwekwa," Mwenyekiti akauliza, "barabara itachongwa?"

"Itachongwa. Na kijiji kitaweka geti. Mgeni hapiti bure."

"Watu watasema ni ilungu."

"Watu gani? Vijana hawajui ilungu ni nini. Mnawaonyesha kichuguu na ilungu hawatofautishi."

"Bibi Agripina anajua."

"Mwenyekiti, shikamoo yake tunampa. Lakini yule ni mzee, kesho keshokutwa hatunaye. Shaba haifi."

Wakacheka, si kwa ubaya. Ndiyo maana niliumia. Walikuwa wanazungumza kama watu wanaogawana kitu kisicho na mwenyewe. Na mimi, kisu mkononi, nilielewa kwamba uongo wangu wa mdomoni ungeweza kufa na wageni walioubeba, lakini ule wa kesho ungepigiliwa. Mtoto wa mtoto wa Sikazwe angekuja na kusoma jina la mtu aliyemchukua babu yake, limeandikwa kwenye kazi ya mikono ya babu yake.

Kesho yake tulikuwa kilimani kabla ya saa nne. Kijiji kilikuwa kimejaa, watoto wamepanda juu ya mawe, na Bibi Agripina ameketi pembeni na fimbo yake. Mwenyekiti alihutubia. Kisha Mzee Kasiano akanisukuma mbele kwa upole. "Skola, mweleze mzee." Bwana Otto alivua kofia. Nywele zake zilikuwa chache, upepo ukazisimamisha.

Nikasema, "Shikamoo, mzee. Huu si mnara. Hili ni ilungu, tanuru la chuma. Alilijenga Mzee Sikazwe wa kijiji hiki. Askari wa Jemadari walimbebesha mizigo, hakurudi. Jemadari hakufika hapa. Niliwaambia wageni wengine kwamba alifika. Nilisema uongo."

Mzee Kasiano akacheka kwa sauti kubwa. "Huyu binti ana utani sana. Utani wa Kifipa huo."

"Sitanii," nikasema.

"Skola." Sauti yake ikashuka. "Umekula nini leo?"

Nikapiga magoti, nikakwangua udongo chini ya tanuru kwa vidole, na haikuchukua muda. Nikatoa mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yaliyobaki baada ya kuyeyusha, nikampa Bwana Otto mkononi. Mwenyekiti akasema mawe ya namna hiyo yako kila mahali. Hapo ndipo Bibi Agripina aliponyanyua fimbo. "Ya kila mahali? Basi huyo Jemadari wenu alikuwa anakunya chuma!" Kilima kizima kikacheka, hata watoto kwenye mawe. Mwenyekiti mwenyewe aliangalia pembeni akiuma mdomo.

Bwana Otto hakucheka. Aligeuza lile bonge mara nyingi. "Baba aliandika," akasema polepole. "Kilima. Mnara. Baridi sana." Akaniangalia kwa macho mekundu. "Mimi natoka mbali, bibi." Nilimhurumia na bado ninamhurumia. Lakini hata Sikazwe alikwenda mbali, na hakwenda kwa kupenda. Nikamwambia hivyo. Akarudisha kofia kichwani, kibao akamwachia Mzee Kasiano. Mwenyekiti akasema jambo hili lisitupotezee siku, akawauliza watu nani anataka barabara, na mikono ikainuka, mingi, hata ya watu waliokuwa wamecheka. Siwalaumu. Mvua ikinyesha mgonjwa hatoki kijiji kile. Mzee Kasiano akachukua nyundo na patasi, akatoboa udongo mahali panne. Kila pigo lilidondosha kipande, na kila kipande Bibi Agripina alikifuata kwa macho mpaka chini. Kibao kikakaa, kikakandikwa saruji pembeni, kikang'aa. Kisha Mzee Kasiano akanijia, vumbi jekundu kwenye suti yake. "Nilikutoa jikoni," akasema, "ukasimama mbele za watu. Leo umenivua nguo mbele ya hao hao watu. Garini kwangu hupandi."

Nikavua vile viatu, nikampa. Hakuvipokea. Nikaviweka juu ya boneti ya gari nikateremka kwa Bibi Agripina, na nikaishi kwake mwaka uliobaki. Nililala kwenye ngozi karibu na ghala la ulezi. Nililima naye matuta, nikifukia majani kama Sikazwe alivyofukia. Siku za kwanza watu walinipita kisimani bila neno. Msichana mmoja akaniita "Shahidi wa Mungu", wengine wakalidaka jina hilo. Nikajibu tu, "Abee." Nilikuwa nimepoteza kazi, chumba, na mtu aliyekuwa kwangu kama mjomba, na kila asubuhi nilipotoka nje niliona shaba inawaka juu yangu. Nikamwambia Bibi nitakwenda kuking'oa. Akaniangalia kama niliyetaka kuiba kuku. "Uking'oe, uitwe mwizi? Kibao ni mali ya yule mzee. Hatugusi mali ya mtu."

Kiangazi kilipokolea, wakati ambapo wanawake wa Ufipa hukandika nyumba zao kabla mvua hazijarudi, Bibi Agripina alichukua ndoo akaniambia nimfuate kwenye kichuguu. Tulichimba udongo wa kichuguu, ule wa kujengea tanuru, tukaumwagia maji na kuukanyaga. Akanieleza kwamba zamani ilungu likikamilika lilikuwa linahesabiwa kuwa bibi harusi. Wanaume walilijenga, lakini wanawake walilipamba na kuliimbia nyimbo za harusi kabla ya moto wa kwanza, maana mwanamke asiyeimbiwa hazai. "Yule baba mkwe alipochukuliwa," akasema, "mke wake alilikandika kila mwaka, tanuru lisilo na moto. Mimi nililiacha nilipozeeka. Kosa ni langu." Tukapanda kilima, saa tatu asubuhi, jua likituona. Tukaanza chini. Bibi alianza kuimba, sauti yake nyembamba ikakwama, akaanza tena. Nilikuwa siujui wimbo wote. Tulipofika usawa wa kiuno alikuja mwanamke mmoja na ndoo yake, akaingia ubavuni mwangu. Halafu wawili. Tulipofika penye kibao tulikuwa tisa, na mmoja wao alikuwa mke wa Mwenyekiti. Hakuna aliyesita. Kiganja kimoja cha udongo, kingine, kingine, na jina likaanza kuisha kutoka mwisho wake.

Mwenyekiti alipanda akihema. "Mnafanya nini nyie?"

"Tunakandika," mkewe akamjibu bila kugeuka. "Umesahau inavyofanywa? Ya kwako nyumbani ina nyufa mwaka wa tatu, tukimaliza hapa tutakuja."

Mzee Kasiano alifika baada ya siku chache na wageni wawili, udongo ukiwa bado haujakauka vizuri. Tulikuwa tunasawazisha kwa kokoto. Akalizunguka tanuru lote, akarudi mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea tangu siku ile.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Kibao kiko wapi, Skola?"

"Kiko palepale ulipokiweka. Hakuna aliyekigusa."

Akapapasa udongo kwa mikono yote miwili, huku na huku, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakukipata, na hakuthubutu kukwangua mbele ya wanawake tisa wenye matope hadi viwikoni. Akajifuta kwenye suruali. Kisha akawageukia wageni akawaeleza kwa Kiingereza, na katika maneno yake niliambulia moja tu, lile la cheo cha Jemadari. Hakuwa mtu wa kuacha biashara. Na mimi sikuwa mtu wa kuacha. Nikaweka kiganja juu ya udongo, nikasema kwa sauti, "Sikazwe." Bibi akasema, "Sikazwe." Wakasema wote, mmoja baada ya mwingine. Mzee Kasiano akajaribu kuendelea, sisi tukaendelea, mpaka mgeni mmoja akamwinulia mkono anyamaze na kuniashiria kwa vidole niseme tena.

Bibi Agripina hayupo sasa, na wale wanawake tumebaki watatu, lakini binti zao wanakuja na ndoo. Kila kiangazi tunaongeza tabaka moja. Barabara ilichongwa, kwa sababu nyingine kabisa. Kibao kimo humo ndani, hatujakiiba wala kukivunja, na mwenye kukitaka anajua kilipo. Aje mchana, aje na jembe, na aseme mbele yetu anachimba jina la nani.